Leya 40 kwenye mchoro mmoja na tableti inazidiwa: mnapangaje leya zenu?

Nyavu_Winam (Kisumu)

Habari wachoraji. Nachora mandhari ya ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, wakati wa jioni: anga, vilima vya ng'ambo ya ghuba, mashua mbili, mvuvi anayekunja wavu, mama mwenye beseni la omena (dagaa), na magugu maji mbele kabisa. Natumia programu ya kuchora ya Krita kwenye tableti ya Android yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya 4 GB. Kanvasi ni A3, pikseli 300 kwa inchi, maana mteja ataichapisha na kuitundika ukutani. Kila kitu nimekipa leya yake (tabaka la kuchorea linalokaa juu ya mengine), hadi kamba ya nanga, na sasa leya zimefika 40.

Nimekwama mahali panne. Kwanza, nikiongeza leya nyingine tableti inakuwa nzito na wakati mwingine programu inajifunga. Pili, nikiwasha ile ikoni ya α kwenye orodha ya leya ili kivuli kibaki ndani ya umbo la mtu, hakibaki, rangi inamwagika hadi majini. Tatu, kivuli cha Maltiplai (modi ya kuchanganya rangi ya leya na zilizo chini yake) kwenye ngozi kinatoka cheusi kama masizi, lakini kivuli hichohicho kwenye tanga jeupe kinapendeza. Nne, kati ya mistari na rangi kuna ukingo mwembamba mweupe ambao nauona nikikuza picha.

Sitaki kupunguza ubora wa mchoro. Nataka kujua nipange leya vipi ili nimalize kazi kwa tableti hii niliyo nayo.

---

Kalamu_ya_Bonde (Nakuru)

Nyavu, tuanze na hesabu ya kumbukumbu, maana ndiyo inayokuzuia kumaliza.

Kanvasi ya A3 kwa pikseli 300 kwa inchi ina pikseli 3508 kwa 4961, yaani milioni 17.4 hivi. Kila pikseli ya rangi ya biti 8 inachukua baiti 4: nyekundu, kijani, buluu na alfa (uwazi wa pikseli). Leya moja iliyojaa ni kama MB 70. Zidisha kwa 40, unafika karibu GB 2.8, na tableti yako ina GB 4 ambazo mfumo wa Android nao unakula humohumo. Ongeza kumbukumbu ya hatua za kurudisha nyuma. Hapo mfumo unaifunga programu ili wenyewe usizimike. Na kama ulifungua faili kwa biti 16, kila kiasi cha MB hapo juu zidisha mara mbili, kwa hiyo hakikisha uko kwenye biti 8.

Krita ina nafuu moja. Haihifadhi leya nzima kama karatasi, inaigawa katika vigae vya pikseli 64 kwa 64 na kuhifadhi vile vilivyoguswa na rangi tu. Leya yenye beseni dogo la omena peke yake haifiki MB 70. Kinachokumaliza ni leya za ukungu na mwanga zilizopakwa kwa brashi kubwa laini. Brashi hiyo huacha rangi hafifu isiyoonekana kwa macho kwenye kanvasi yote, na vigae vyote vinahesabiwa. Ficha leya nyingine zote, weka leya nyeusi kabisa chini ya leya moja ya ukungu, kisha angalia pembeni. Utaona ile takataka. Zungushia sehemu unayoitaka, geuza uteuzi upande wa pili, futa.

Sasa mpango wenyewe. Wengi hugawa leya kwa majina ya vitu: kikapu leya yake, kamba leya yake, kofia leya yake. Mimi nagawa kwa swali moja: je, kitu hiki kitahitaji kusogezwa, kufichwa, au kubadilishwa rangi bila kugusa jirani yake? Kama jibu ni hapana, kinaingia kwenye leya ya jirani. Kamba ya nanga haiendi popote bila mashua. Iunganishe na mashua.

Kwa mchoro wako ningekuwa na hizi tu. Nyuma: anga, vilima, maji. Juu yake leya moja ya ukungu. Katikati: magugu ya mbali, halafu kundi la mashua zote mbili lenye leya nne (rangi za msingi, yaani rangi bapa za kila umbo kabla ya kivuli; kivuli; mwanga; mistari). Kisha kundi la watu wote wawili lenye leya nne za namna hiyohiyo. Mbele: magugu ya karibu. Juu ya vyote, leya moja ya marekebisho. Jumla 15. Hata zikijaa zote ni kama GB 1, na hazitajaa.

Mvuvi na mama wanaweza kukaa leya moja ya rangi za msingi ikiwa miili yao haigusani kwenye picha. Wakigusana au mmoja akipita mbele ya mwenzake, hapo ndipo unawatenga, kwa sababu ukingo wa mmoja unakaa juu ya mwingine na utautaka safi.

Majina yaandike siku unayoifungua leya, na yaanze na mahali kabla ya kitu: "KATI mashua kivuli", "MBELE magugu". Ukiteremsha orodha kwenye skrini ndogo unaona upesi uko sehemu gani ya mchoro. Krita ina vibandiko vya rangi vya leya pia. Mimi naweka rangi moja kwa kila kundi.

Kabla ya kuunganisha chochote, hifadhi faili kwa jina jipya lenye namba, dunga_03, dunga_04. Hiyo ndiyo bima yako. Ukishakuwa nayo, unganisha bila woga.

---

Bi_Brashi (Eldoret)

Nijibu lile la α.

Programu haijaharibika. Krita inafanya kazi tofauti na programu nyingine hapo. Kwenye Procreate na ibisPaint, leya ukiiklipu, yaani ukiifungia ndani ya umbo la leya nyingine, inabanwa na leya iliyo chini yake moja kwa moja. Kwenye Krita, leya yenye α inabanwa na jumla ya leya zote zilizo chini yake ndani ya kundi lilelile. Kama hujaweka kundi, "zilizo chini" ni pamoja na maji, vilima na anga. Anga imejaza kanvasi yote, kwa hiyo hakuna kinachobanwa, na rangi inamwagika ziwani kama ulivyoona.

Fanya hivi. Chagua leya ya rangi za msingi za watu, itie kwenye kundi jipya, kundi liite "KATI watu". Leya ya kivuli iburute iingie ndani ya kundi hilo, juu ya rangi za msingi. Washa α kwenye leya ya kivuli tu. Kwenye rangi za msingi usiiwashe kamwe. Hiyo ndiyo inayotoa umbo. Ongeza leya ya mwanga juu, washa α nayo. Mistari iache bila α, maana mistari hutokeza kidogo nje ya rangi.

Kundi lenyewe liache kwenye modi ya Kawaida, na ile ikoni ya kupitisha isiwe imewashwa. Ikiwashwa, kundi linakuwa kama halipo na leya zako zinachanganyika na ziwa tena.

Usichanganye α hiyo na ikoni ya miraba ya drafti iliyo karibu yake. Ile ya drafti ni kufunga alfa: unapaka kwenye leya yenyewe, na rangi haitoki nje ya pikseli zilizokwisha kupakwa. Haikuongezei leya, kwa hiyo ni rahisi kwa kumbukumbu, ila ulichokifunika kimekwenda. Mimi natumia kufunga alfa kwa mambo mawili: kubadilisha rangi ndani ya rangi za msingi (mabaka ya kutu, maua ya leso), na kupaka rangi mistari. Mistari myeusi kote huufanya mchoro uonekane kama katuni ya kukata. Funga alfa ya leya ya mistari, kisha paka kahawia iliyokolea mistari inayozunguka ngozi na buluu iliyokolea ile iliyo karibu na maji. Ni kazi ya dakika chache, na picha inabadilika kabisa. Kivuli na mwanga naviweka kwenye leya zilizoklipiwa, kwa sababu hivyo lazima utavirekebisha.

Kwa walio na iPad wanaosoma hapa: kwenye Procreate unagusa kijipicha cha leya na kuchagua klipingi maski, kufunga alfa ni kutelezesha vidole viwili kwenda kulia juu ya leya. Idadi ya leya unazoruhusiwa inategemea ukubwa wa kanvasi na RAM ya iPad yako, na utaiona kwenye ikoni ya spana, sehemu ya kanvasi, kwenye taarifa za kanvasi. Iangalie kabla ya kuanza, usingoje ifike mwisho.

---

Vivuli_Kakamega

Ngozi sasa. Hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yanafundisha kivuli kwa mifano ya ngozi nyeupe, na watu wetu wanaishia kuchorwa wakiwa na uso wa masizi.

Maltiplai ni kuzidisha. Inachukua thamani ya rangi ya chini, inaizidisha na ya juu, inagawa kwa 255 (kila rangi hupimwa kuanzia 0, giza, hadi 255). Chukua ngozi ya kahawia iliyokolea kwenye mwanga: nyekundu 110, kijani 68, buluu 48. Ukiweka juu yake kijivu cha 110, unapata 47, 29, 21. Hiyo kwenye skrini ni karibu nyeusi, na kwenye karatasi ni nyeusi kabisa. Tanga jeupe lilianza 240, kwa hiyo lina mahali pa kushuka. Ngozi haina.

Dawa yake ni kuchagua rangi ya kivuli iliyo nyepesi kuliko unavyodhani, na yenye rangi ndani yake. Jaribu zambarau nyepesi: 185, 165, 205. Ngozi ileile inakuwa 80, 44, 39. Ni kivuli, lakini bado ni ngozi, unaona damu ndani yake. Tanga la 240, 235, 225 linakuwa 174, 152, 181, kivuli cha jioni kizuri. Leya moja inahudumia vyote viwili.

Pale panapohitaji giza zaidi, chini ya taya, kwapani, ndani ya mkunjo wa leso, usibadilishe rangi. Ongeza leya ya pili ya Maltiplai yenye rangi hiyohiyo, na upake hapo tu. Ngozi inashuka hadi 58, 28, 31. Hatua mbili za kivuli zinatosha kwa sura nyingi. Ukitia ya tatu unarudi kwenye masizi.

Kuna watakaokwambia upunguze opasiti (kiasi leya inavyofunika) ya kijivu chako hadi asilimia 50. Kihesabu ni sawa na kutumia kijivu chepesi zaidi, kwa hiyo weusi utapungua, lakini kitabaki kijivu, na ngozi itaonekana ya vumbi. Shida ilikuwa weusi pamoja na kukosa rangi.

Upande wa mwanga kuna mtego mwingine. Wengi huweka leya ya Ovalei na kupaka nyeupe kwenye paji la uso. Ovalei, rangi ya chini ikiwa chini ya nusu, inaweza kuiongeza hadi mara mbili tu. Ngozi ya 110, 68, 48 ukiipaka nyeupe inakuwa 220, 136, 96. Hiyo ni rangi ya chungwa! Ndiyo maana mashavu ya watu kwenye michoro mingi yanawaka kama yamepakwa mafuta ya mawese.

Angalia ngozi iliyokolea nje juani: kwenye paji, mfupa wa shavu na bega, inang'aa kwa rangi ya anga. Kwa hiyo tumia modi ya Skrini, ile ya kuongeza mwanga, rangi ya anga yako, mathalani 120, 150, 190, opasiti asilimia 30. Ngozi inakuwa 130, 101, 94, mng'ao wa kijivubuluu uliotulia juu ya kahawia. Uweke pale tu ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Upande wa jua la jioni tumia modi hiyohiyo kwa rangi ya dhahabu, mstari mwembamba tu.

Na kwa kuwa ni jioni Dunga, jua linashuka ng'ambo ya ziwa na mtazamaji wako anatazama majini, watu wako karibu wote wako kivulini. Usipake kivuli kipande kwa kipande. Jaza leya ya kivuli yote kwa ile zambarau, iwekee maski, halafu paka nyeusi kwenye maski pale mwanga unapogusa: ukingo wa bega, sikio, ukingo wa beseni. Nyeusi kwenye maski inaficha, nyeupe inarudisha, kijivu kinaficha nusu. Ukikosea unarudisha kwa nyeupe, hakuna kilichofutwa. Angalia tu kama umechagua maski au leya yenyewe. Ukiona kila rangi unayoichagua inatoka kijivu, uko kwenye maski.

---

Mchanga_Mmoja (Kakamega)

Mimi naona mnamtisha bure. Mchoro mzuri unatoka kwa leya tatu: mandhari, watu, na leya moja ya juu ya kupaka kila kitu. Turubai ya rangi ya mafuta haina leya za kuficha na kusogeza. Ukiwa na leya nyingi unatumia muda kutafuta badala ya kupaka, na kingo zote zinabaki kali kama karatasi zilizobandikwa.

---

Vivuli_Kakamega

Kwa kingo uko sahihi kabisa, Mchanga, na Nyavu alichukue hilo. Kila umbo likiwa kwenye leya yake, hakuna mahali rangi ya mtu inakutana na rangi ya maji na kulainika. Mwishoni unganisha nakala ya kila kitu, au fungua leya tupu juu ya zote, kisha paka juu ya kingo ambazo jicho halihitaji kuziona: miguu inayoingia majini, nyuma ya mgongo wa mvuvi, chini ya mashua. Ziache kali usoni na mikononi.

Lakini leya tatu tangu mwanzo kwa kazi ya mteja siikubali. Mteja akisema leso iwe nyekundu badala ya kijani, utapaka upya kivuli chote cha mama. Kwa mchoro wako mwenyewe fanya unavyotaka.

---

Fundi_Chapa (Kisumu)

Nazungumzia ukingo mweupe na uchapishaji.

Ukingo ule unatokana na ndoo ya rangi. Mstari wako si mweusi mpaka mwisho. Pikseli za pembeni ni nusu wazi ili mstari usionekane na meno. Ndoo inapofika kwenye pikseli hizo inadhani imefika mpakani na kusimama. Rangi haiingii chini ya mstari, na karatasi nyeupe inachungulia. Kwenye Krita, katika mipangilio ya zana ya kujaza, kuna sehemu ya kukuza eneo. Kwa kanvasi yako weka pikseli 3. Rangi itaingia chini ya mstari, na mstari utaifunika. Kwenye ibisPaint kuna upanuzi kama huo kwenye ndoo. Kwenye Procreate weka leya ya mistari kuwa ya marejeo, kisha unapoiangusha rangi usiinue kidole, telezesha kulia kidogo ili kuongeza kiwango cha kusambaa. Ukizidisha, rangi inaruka mstari na kujaza kanvasi yote.

Rangi ikivuja, ukuzaji hauna kosa. Kuna mwanya kwenye mstari, mara nyingi pale nywele zinapokutana na sikio au wavu unapopishana na mkono. Ziba mwanya kwenye leya ya mistari kwanza.

Kama mistari yako ni picha ya penseli uliyoipiga kwa simu, kuna tatizo la pili. Ukiweka picha hiyo juu kwa Maltiplai, nyeupe kamili inapotea, kwa kuwa 255 ukigawa kwa 255 ni moja. Lakini karatasi iliyopigwa picha ndani ya nyumba haifiki 255. Ikiwa 220, mchoro wako wote unashuka hadi asilimia 86 ya mwangaza na hujui kwa nini rangi zimefifia. Rekebisha viwango kwanza, karatasi iwe nyeupe kweli, ndipo uiweke Maltiplai. Au tumia kichujio cha Krita cha kugeuza rangi kuwa alfa, uchague nyeupe, ubaki na mistari mitupu.

Sasa ile 300. Picha ya A3 ya ukutani inatazamwa kwa umbali wa mita moja au zaidi, haisomwi mkononi kama kitabu. Pikseli 200 kwa inchi zinatosha kwa kazi ya rangi isiyo na maandishi madogo. A3 kwa 200 ni pikseli 2339 kwa 3307, na leya iliyojaa inashuka kutoka MB 70 hadi MB 31. Tableti yako itapumua. Hiyo si kupunguza ubora wa mchoro, brashi zako zitakuwa nyepesi na mkono utapaka kwa uhuru. Kama mteja anataka iwe ya kitabu cha picha, hapo 300.

Usipunguze faili uliyo nayo kwa kuibonyeza tu. Hifadhi nakala kwanza, ndipo ubadilishe ukubwa wa picha yote, halafu kagua mistari: ile myembamba sana itakuwa imelegea, ipitie upya.

---

Nyavu_Winam (Kisumu)

Asanteni sana. Nimetengeneza makundi na α imekaa sawa. Zambarau kwenye ngozi imeniridhisha, mama sasa anaonekana mtu.

Mawili yamebaki. Kivuli cha mashua kwenye maji nimekinakili kundi zima na kuligeuza, leya zikaongezeka maradufu. Na magugu maji ya mbele, nilichora kila jani leya yake, sijui niyaunganishe vipi bila kupoteza mpangilio.

---

Kalamu_ya_Bonde (Nakuru)

Taswira ya majini haihitaji leya za ndani. Nakili kundi la mashua, unganisha nakala hiyo iwe leya moja, kisha igeuze juu-chini. Isogeze mpaka chini ya mashua na chini ya taswira vikutane kwenye mstari wa maji wa mashua hiyo. Kila mashua ina mstari wake; ya mbele uko chini zaidi kwenye kanvasi, kwa hiyo usizigeuze mbili kwa pamoja. Hapa ndipo utakapohitaji kuzitenga kwa muda.

Iweke chini ya kundi la mashua na juu ya maji, opasiti asilimia 50 hadi 60. Vitu vyeupe majini huwa na giza kidogo na vyeusi huwa na mwanga kidogo kuliko vyenyewe, kwa hiyo funga alfa na upitishe rangi ya maji juu yake kwa brashi laini, mkono mwepesi. Kisha ikatekate kwa kifutio chembamba, mikato ya mlalo, mirefu karibu nawe na mifupi karibu na upeo. Na kumbuka magugu hayaakisi kitu. Penye magugu, taswira inakatika kabisa. Iwekee maski na uifiche hapo.

Kuna mahali kugeuza kunadanganya. Ziwa linaona mashua kutoka chini, wewe unaiona kutoka juu. Sakafu ya ndani ya mashua na samaki waliomo havitaonekana majini. Ukiviona kwenye taswira, vifunike kwa rangi ya ubao wa nje.

Magugu: yaunganishe yote sasa, usihuzunike. Yapake upya kwa leya moja ukitaka, itakuwa haraka. Anza na tonge moja la kijani kilichokolea, karibu na nyeusi, lenye ukingo wa majani upande wa juu tu. Funga alfa. Ndani yake paka makundi ya kijani cha kati, halafu majani machache yaliyo wazi, saba au nane, yenye shingo nene zile zilizovimba na mwanga juu ya jani. Jicho litajaza mengine. Maua ya zambarau nyepesi weka kwenye leya yake, kwa sababu hayo utayasogeza mara nyingi kabla hayajakaa vizuri, kisha yaunganishe.

Vilima vya ng'ambo visikae na nguvu sawa na magugu. Ile leya ya ukungu ijaze kwa rangi ya anga iliyo karibu na upeo, opasiti asilimia 20, iwe juu ya vilima na chini ya mashua. Ifute polepole kuelekea juu na kuelekea kwako.

---

Fundi_Chapa (Kisumu)

Nyongeza ya siku ya kupeleka. Faili la .kra lenye leya libaki kwako. Toa nakala iliyounganishwa, TIFF au PNG, na uipeleke hiyo. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itabanwa na pikseli zako nyingi zitapotea njiani.

Paka kwa RGB (rangi za skrini) hadi mwisho. Ukibadilisha kuwa CMYK (rangi za wino wa kuchapisha) wakati leya za Maltiplai na Skrini bado zipo, hesabu zake zinabadilika na vivuli vinatoka vingine. Unganisha kwanza, ndipo ubadilishe, na muulize mchapishaji kama anataka CMYK au atabadilisha mwenyewe.

Vivuli kwenye karatasi hutoka vyeusi kuliko kwenye skrini inayowaka. Kabla ya kulipia A3, kata kipande cha A5 chenye uso wa mama, shingo yake na kona ya tanga, ukichapishe kwenye karatasi ileile. Kama chini ya taya pamezama, rudi kwenye leya ya pili ya Maltiplai uipunguze hadi asilimia 60, na usiguse kitu kingine chochote.